Namna ya kusoma kitabu cha ruwaza za maumbile ukakimaliza, ukiwa Lamu au Malindi

Mara tatu kikundi chetu cha wasomaji hapa Lamu kimeanza kitabu cha sayansi kinachoeleza ruwaza za maumbile, na mara tatu tumekwama mahali pamoja. Sura ya kwanza hupendwa na wote. Ya pili huleta mfuatano wa namba, ya tatu huzungumzia theluji, na hapo vitabu huanza kurudishwa kimoja kimoja. "Hiki si chetu, Mwalimu," aliniambia nahodha mmoja, mtu anayesoma upepo juu ya mchanga vizuri kuliko yeyote ninayemjua.

Kitabu ni chake. Kilichomshinda ni jinsi alivyokisoma: usiku, ndani, ukurasa baada ya ukurasa, kama riwaya. Kitabu cha aina hii husomwa kama kitabu cha mapishi. Unasoma kidogo, unakwenda jikoni, unarudi. Jiko letu ni ufuo, soko na mikoko.

Kwa neno ruwaza nakusudia mpangilio unaojirudia bila mkono wa mtu: viwimbi vya mchanga, macho ya nanasi, vyumba vya sega, madoa ya chui. Wapo wanaohofu kwamba kuuliza mpangilio huo umetoka wapi ni kumgusa Muumba. Sioni hivyo. Kitabu kinauliza ni kwa njia gani kitu kimekuwa kilivyo, na ajabu ya njia hiyo humfanya mtu aseme Subhanallah kwa sauti. Nimewasikia kwa masikio yangu.

## Vitu vya kuandaa

- Kitabu chenye picha nyingi. Kabla ya kununua au kuazima, kifungue katikati, pitia kurasa kumi, uhesabu picha za vitu ulivyowahi kuvishika kwa mkono. Vikiwa chini ya vitatu, tafuta kingine.
- Daftari lisilo na mistari na penseli mbili.
- Rula, bikari na kipimapembe. Seti ya jometri ya shule inavyo vyote.
- Lenzi ya mkononi. Kama huna, kamera ya simu inatosha.
- Jedwali la maji kujaa na kupwa, au jirani aliye mvuvi.
- Nanasi moja lenye macho makubwa, pini za fundi cherehani zipatazo arubaini, na nyuzi za rangi mbili.
- Sabuni ya maji, sahani bapa, mrija na kipande cha plastiki angavu.
- Ramani ya visiwa vya Lamu iliyochapishwa kwenye karatasi.
- Komamanga moja, la siku ya mwisho.

Kikokotoo hakihitajiki. Hesabu ngumu kuliko zote humu ni kujumlisha nane na kumi na tatu, na kuzidisha kwa nne.

## Hatua ya 1: Tazama siku tatu kabla ya kufungua kitabu

Kila siku chora kitu kimoja chenye mpangilio. Kiti cha pweza na mikono yake mitano. Matope yaliyokauka yakapasuka. Vidonge vya mchanga ambavyo kaa wadogo huviacha vimetawanyika kuzunguka mlango wa shimo, maji yakikupwa. Chini ya kila mchoro andika swali moja, kwa Kiswahili, kama ungemwuliza mtu.

Sababu ni hii: mwandishi wa kitabu anajibu maswali. Msomaji asiye na swali huliona jibu kama mzigo.

Usichore kwa kukumbuka. Kumbukumbu hunyoosha vitu. Mtu akichora nyufa za matope kichwani huchora misalaba. Akiinama juu ya matope yenyewe, huona ufa mmoja ukiugonga mwingine ubavuni na kuishia hapo, kama herufi T.

## Hatua ya 2: Vunja mpangilio wa sura

Hakuna sheria inayokulazimisha kuanza ukurasa wa kwanza. Soma yaliyomo, weka alama kwenye sura ambazo kitu chake unaweza kukifikia kwa miguu ndani ya nusu saa, na uanze na hizo. Kwa aliye Shela ni mchanga. Kwa aliye karibu na soko la Malindi ni matunda. Theluji, fuwele na makundi ya nyota vitasubiri.

Vingi vya vitabu hivi viko kwa Kiingereza, na hilo huwaangusha watu kimyakimya, kwa aibu. Tenga kurasa mbili za nyuma za daftari ziwe kamusi yako. Sisi tumekubaliana hivi: ruwaza, ulinganifu, pembesita, na msokoto kwa ule mzunguko unaopanuka kama wa gamba la konokono. Neno ambalo hulipatii tafsiri, chorea picha. Picha haikosei sarufi.

## Hatua ya 3: Mchanga, mahali pa kuanzia

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu anayeifanya hatua hii vizuri huwa haachi kitabu.

Nenda vilima vya mchanga vya Shela, au vya Mambrui ukiwa upande wa Malindi. Chagua siku ya upepo. Kusi ya Juni na Julai ndiyo bora. Kaskazi ya Januari nayo inafaa. Mchanga lazima uwe mkavu, kwa hiyo alasiri ni nzuri kuliko asubuhi yenye umande.

Kwanza, piga magoti ubavuni mwa viwimbi, macho yako yawe karibu usawa wa mchanga. Utaona kwamba kiwimbi hakina pande sawa. Upande unaokabili upepo umelala. Upande wa pili umesimama. Chora umbo hilo kama ulivyoliona kwa ubavu.

Pili, pima kwa rula kutoka kilele hadi kilele. Mara nyingi utapata kama upana wa kiganja, sentimita kumi hivi. Kisha chota mchanga wa kilele kwa vidole viwili, na wa bonde kwa vidole viwili vya mkono wa pili, uvisugue. Chembe za kileleni ni kubwa zaidi. Weka zote mbili chini ya lenzi, kwa sababu hutaamini vidole vyako.

Tatu, futa. Sawazisha eneo la nusu mita kila upande kwa rula mpaka liwe laini kama kitanda kilichotandikwa. Keti pembeni, usiuzibe upepo, na usubiri.

Dakika za mwanzo utaona chembe tu zikirukaruka, ukungu mwembamba usiofika hata kwenye kifundo cha mguu. Baadaye hutokea mabaka. Mabaka yanashikana kuwa mistari mifupi iliyopinda, mistari inaungana, na viwimbi vimerudi palepale ulipovifuta. Hakuna aliyevichora.

Nne, chomeka kijiti kwenye kilele kimoja, ungoje dakika kumi. Kilele kitakuwa kimekwisha kukiacha kijiti nyuma.

Sasa, ukiwa bado umekaa mchangani, fungua sura ya mchanga. Utakuta maelezo yenye maana kama haya: chembe inayopeperushwa huanguka na kuzipiga nyingine. Mteremko unaokabili upepo hupigwa zaidi, basi chembe zake husukumwa kupanda kileleni. Nyuma ya kilele pana kivuli cha upepo, panapigwa kidogo. Kinundu kidogo kilichotokea kwa bahati hukua, na kinachofuata hupata nafasi mbele tu ya kivuli hicho. Aliyelipima jambo hili kwa makini ni Ralph Bagnold, ofisa wa jeshi la Uingereza aliyezunguka jangwa la Libya kwa gari, kisha akaurudia upepo wa jangwani ndani ya bomba la majaribio. Kazi yake ilitoka mwaka 1941 na bado inatumika.

Kabla ya kurudi nyumbani teremka hadi maji yalipokupwa. Huko viwimbi vina pande mbili zinazofanana na kilele kikali, kwa sababu wimbi huenda na kurudi. Lakini tazama ndani ya mfereji ambamo maji yalikuwa yakikimbilia baharini upande mmoja tu: ubavu mmoja umelala tena, kama wa upepo.

Onyo. Ufuo wa Shela ni mrefu na mahali pengine hapana mtu. Nenda na mwenzio, na maji ya kunywa. Simu iwe ndani ya mfuko wa plastiki. Usikanyage wala kung'oa mimea inayoshika mchanga, maana chini ya vilima hivyo ndiko yanakohifadhiwa maji matamu ya mji wa Lamu.

Utajua umefaulu mwenzio akikuchorea maumbo mawili ya ubavuni na wewe ukamwambia lipi la upepo, lipi la wimbi, na upepo ulitoka wapi. Nahodha niliyemtaja alipofika hapa alinyamaza kitambo. "Haya nimeyaona tangu nikiwa kijana wa kusukuma dau," akasema. "Sikujua kuna mtu aliyeyakalia akayapimia." Jioni ile alikichukua tena kitabu.

## Hatua ya 4: Nanasi, na namba zinazotisha watu

Ukurasa wa 1, 1, 2, 3, 5, 8, 13, 21, 34 ndio uliotuvunjia kikundi mara mbili. Kila namba ni jumla ya mbili zilizoitangulia, basi. Leonardo wa Pisa, anayejulikana zaidi kama Fibonacci, aliiandika mwaka 1202 katika fumbo la sungura wanaozaana, na wataalamu wa mashairi wa India walikuwa wameifikia kabla yake walipokuwa wakihesabu mizani ya silabi fupi na ndefu. Anayejua kupima mizani ya utenzi asiogope ukurasa huu.

Usiusome kwanza. Chukua nanasi.

Macho ya nanasi yamepangwa katika mistari inayopanda kwa kuzunguka. Kila jicho liko ndani ya mistari mitatu kwa pamoja: mmoja umelala, unaopanda taratibu, wa pili unapanda kuelekea upande mwingine, na umesimama zaidi, wa tatu unakaribia wima.

Chagua jicho moja katikati ya tumbo la nanasi. Fuata mstari uliolala, kupanda na kushuka, na uuvishe uzi mwekundu kwa pini. Huo ni mstari wa kwanza. Sogea kwenye jicho la jirani lililo nje ya uzi: huo ni wa pili, uchomee pini moja tu. Endelea kulizunguka tumbo, pini moja kwa kila mstari, mpaka ukutane na uzi mwekundu. Hesabu, pamoja na ule wa kwanza. Rudia kwa mistari inayopanda upande wa pili, kwa uzi wa buluu.

Kwa nanasi la kawaida utapata 8 na 13. Mistari inayokaribia wima, ukiwa na subira, ni 21. Nanasi dogo huweza kushuka ngazi moja: 5, 8 na 13.

Wengi wetu tulipata 7 au 9 mara ya kwanza. Sababu ni mbili. Ama umeanzia kitakoni, ambako macho yamebanana na kupotoka, ama umeuhesabu mstari wa kwanza mara mbili. Rudi tumboni uanze upya.

Sasa soma sura. Maelezo yake ni mepesi kuliko namba: chipukizi jipya hutokea penye nafasi kubwa zaidi, mbali na yale yaliyolitangulia. Kila moja likifanya hivyo, pembe kati ya chipukizi na linalofuata hutulia kwenye nyuzi 137.5 hivi, na mistari hujihesabu yenyewe. Mwaka 1992 Wafaransa wawili, Stéphane Douady na Yves Couder, walilionyesha jambo hili bila mmea wowote: walidondosha matone ya kimiminika cha sumaku ndani ya sahani ya mafuta, matone yakasukumana, na misokoto ileile ikatokea.

Onyo, na hili nalisema kwa uzito. Vitabu vingine hupenda sana kusema kwamba uwiano unaozaliwa na namba hizi, 1.618, uko kila mahali: usoni mwa mtu, kwenye piramidi, kwenye gamba la nautilasi, yule jamaa wa pweza aishiye ndani ya gamba. Usikubali bila kupima. Gamba la nautilasi ni msokoto mzuri kweli, lakini kila mzunguko mmoja hupanuka takriban mara tatu; msokoto wa uwiano huo ungepanuka karibu mara saba. Nawe una mfano wa kukanusha uani kwako. Chuma tawi la mrehani ulitazame kutoka juu: majani yako mawili mawili yakitazamana, na kila jozi imekaa msalaba juu ya iliyo chini yake. Hamna msokoto wa 8 na 13 hapo. Kitabu kinachokiri kuwapo kwa mimea ya namna hii ni kitabu cha kuaminika.

Utajua umefaulu mtoto wa nyumbani akihesabu peke yake na mkapata namba moja. Kisha limenyeni nanasi mle.

## Hatua ya 5: Povu kwenye sahani

Hii ni ya nusu saa. Mimina maji yenye sabuni kwenye sahani, puliza kwa mrija mpaka yajae mapovu, kisha ulaze plastiki angavu juu yake ili mapovu yabanwe. Tazama kuta zinapokutana. Hukutana tatu tatu, na ukiweka kipimapembe juu ya plastiki utapata nyuzi 120 kila upande. Zikikutana nne, hazidumu: huteleza na kugawanyika kuwa mbili za tatu tatu, mbele ya macho yako.

Baada ya hapo sura ya sega haitakusumbua. Vyumba vya pembesita hugawa eneo kwa kuta fupi kuliko umbo lingine lolote, basi nta hutumika kidogo. Watu waliamini hivyo kwa karne nyingi. Thomas Hales wa Marekani ndiye aliyekamilisha uthibitisho, mwaka 1999.

## Hatua ya 6: Madoa na milia

Sura hii ina jina moja kubwa, Alan Turing, mwanahisabati wa Uingereza, na wazo moja ambalo waandishi hulieleza kwa kemia. Tulielewa tulipoitupa kemia tukaitafsiri kwa vibanda.

Muuza viazi karai mmoja akichangamka kwenye kona, wengine huja kuweka meza karibu naye. Huo ni uchochezi, na haufiki mbali. Wakati huohuo kona ile huwavuta wateja wa mtaa mzima, na mtu akijaribu kuuza mitaa miwili kutoka pale anakosa. Huo ni uzuiaji, nao hufika mbali. Matokeo ni kundi la vibanda, nafasi tupu, kundi, nafasi tupu. Turing alionyesha mwaka 1952 kwamba kemikali mbili zinazosambaa kwa kasi tofauti ndani ya kiinitete zaweza kufanya hivyohivyo, na kundi likawa doa.

Cha kutazama kiko mlangoni kwako: paka. Mtafute paka wa Lamu mwenye madoa mwilini na pete mkiani, wako wengi. Kisha mtafute wa kinyume chake, milia mwilini na madoa mkiani. Mwanahisabati James Murray alieleza kwamba mahali pembamba kama mkia madoa hukosa nafasi ya kukaa sambamba, hivyo huwa pete, na kwamba kinyume chake hakitarajiwi. Watoto wa mtaa wetu wamefanya kazi ya kutafuta kwa bidii kuliko sisi.

Kwa wavuvi na wapiga mbizi wa Malindi kuna mfano mzuri zaidi, yule samaki wa matumbawe wa buluu mwenye milia ya njano. Mwaka 1995 Shigeru Kondo na Rihito Asai wa Japani walionyesha kwamba milia yake husogea na kugawanyika kadiri anavyokua, kama hesabu ya Turing inavyotaka.

Onyo. Sura hii huwatia watu hamu ya kuokota makombe. Konokono wa bahari mwenye gamba la umbo la pia, lenye pembetatu au vitone vya kupendeza, ana mshale wa sumu, na aina mojawapo imewahi kuua watu. Usimshike hata ukidhani amekufa, wala usimtie mfukoni. Ndani ya hifadhi ya bahari ya Malindi, iliyotengwa mwaka 1968, kuchukua kombe lolote ni marufuku. Piga picha.

## Hatua ya 7: Pwani isiyo na urefu

Tandaza ramani. Fungua bikari sentimita nne, uizungushe kisiwa cha Manda kwa hatua, uhesabu hatua, uzidishe kwa nne. Rudia kwa sentimita mbili, ukizidisha kwa mbili, kisha kwa moja. Kila ukipunguza hatua, pwani ya kisiwa inarefuka, kwa kuwa bikari inaanza kuingia kwenye vijito vya mikoko ilivyokuwa ikivirukia. Mwanahisabati Benoit Mandelbrot aliuliza swali hili mwaka 1967 kuhusu pwani ya Uingereza, na ndiye aliyetupa neno fraktali, yaani umbo ambalo kipande chake kidogo hufanana na kikubwa.

Ukitaka kuihisi bila ramani, ingia mikokoni kwa mtumbwi maji ya bamvua yakiwa yameanza kukupwa. Kijito kina tawi, tawi lina tawi, mpaka mfereji wa upana wa kidole unaokatika kwenye matope. Bamvua huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, na siku hizo maji huwa chini kabisa kwenye saa nne au saa tano asubuhi. Ingia mapema, na aliyekaa usukani awe mtu wa pale. Maji yakikuacha humo, utasubiri jua kali mpaka yarudi.

## Hatua ya 8: Barazani

Baada ya kila sura, eleza kitu kimoja barazani bila kitabu mkononi, dakika tano. Beba kitu chenyewe: nanasi lenye nyuzi, mchoro wa mchanga. Ukikwama, umejua ukurasa wa kurudia. Mtu akikubishia, vizuri zaidi. Andika hoja yake pembeni mwa ukurasa kwa penseli. Nakala yetu ina hoja za kubisha za watu sita, na aliyeiazima mara ya mwisho aliniambia alisoma pembeni kwanza.

## Hatua ya 9: Sasa theluji

Uliiacha, na ndiyo iliyobaki. Mwanafalaki Johannes Kepler alipojiuliza mwaka 1611 kwa nini chembe ya theluji ina pembe sita, hakuishia kwenye theluji. Alikwenda kwenye sega, na kwenye komamanga.

Pasua lako. Chomoa punje tano kutoka katikati, palipobanana, uzipanguse, uziweke chini ya lenzi. Zilianza kama vitone vya duara. Zimesukumana mpaka kila moja ina nyuso bapa na kingo. Zigeuze kwa ncha ya penseli, uhesabu nyuso za punje moja, uandike. Kisha fungua ukurasa wa theluji, vidole vikiwa bado vyekundu.